Tangazo la Kumwita Mutalemwa

Hamugembe, Bukoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Habari za roho utazisoma huko mbele. Magoti yanasemaje? Tekla aliniambia kwamba siku hizi unapumzika mara mbili kabla ya kufika bombani, na kwamba ukiulizwa unasema umesimama kuangalia mikorosho. Haya, na hiyo mikorosho je, imechanua? Na bibi, bado ana kesi na kuku wa jirani?

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kuuliza kama mvua imenyesha Newala. Jambo lenyewe linagoma kutoka. Kwanza nikutoe wasiwasi: sijafukuzwa kazi, sina mimba, na siumwi. Najua ndiyo matatu unayoyawaza, tena kwa mpangilio huo. Na wewe Tekla, unayemsomea Mama, usiruke mstari. Hata ukiona dada yako anajiaibisha, soma tu.

Maisha ya huku umeshayazoea kwa kuyasikia. Bado napanga chumba kile kile, migomba imefika mpaka dirishani, na ikinyesha bodaboda hawapandi huku, natembea viatu mkononi. Ndizi nimekula mpaka nadhani damu imegeuka kijani. Ukiwaambia watu wa hapa kwamba kwetu mtu anaweza kumaliza mwezi hajapika ndizi, wanakuonea huruma kabisa, wanakuongezea kwenye sahani. Wana majivuno yao, ndiyo, na Kiingereza chao nakistahimili, lakini mgeni wanamshika. Kanisani wananiita Vero wetu. Nakwambia haya ili usije ukawachukia.

Kazi ni ile ile, kutengeneza tovuti kwenye ofisi ya Bwana Novati. Tunatengenezea shule, nyumba za wageni, vikundi vya wakulima wa kahawa. Uliwahi kuniuliza tovuti ni nini nikakucheka, nikakwambia ni vitu vya kwenye simu. Leo nikueleze vizuri, polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia.

Tovuti ni kama nyumba, Mama. Unaweza kuijenga nzuri, ukaipaka rangi, lakini iko porini na hakuna anayejua njia. Watu hawapiti nyumba kwa nyumba wakitafuta. Wanauliza. Mtu anaandika jina kwenye simu yake, na simu inamjibu, nenda pale. Wanaojibu ni hizi injini za kutafutia, nazo zina daftari lao. Ili uwemo kwenye daftari ni lazima karani wao afike mlangoni kwako, kama yule karani wa sensa aliyetukuta tunapeta ufuta. Sasa, kuna kitu kimoja. Ukiweka mlangoni kibao kwamba huruhusu kuandikwa, karani anatii. Hagongi, hakasiriki, hakwambii kitu. Anakwenda zake, na nyumba yako haihesabiwi. Sisi mafundi huweka kibao hicho wakati nyumba inajengwa, ili watu wasije wakaona matofali na mchanga. Ni alama moja tu, unaibonyeza inawaka. Kazi ikiisha unaibonyeza tena inazimika. Ni kitu cha kwanza tunachofundishwa, na ni kitu cha kwanza ambacho mimi huwafundisha wengine.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza, aliingia ofisini mama mmoja wa makamo, ametoka Muleba na basi la asubuhi. Muleba ni wilaya ya jirani, barabara ya kwenda Biharamulo. Alikuwa amevaa kitenge cha msiba na ameshika kitabu cha nyimbo cha Kilutheri, ndani yake picha ya kijana. Huku mwanamke mtu mzima anaitwa Ma na mwanaume anaitwa Ta, ndiyo heshima yao. Yeye ni Ma Kokugonza. Alikuwa amefiwa na mume wake, Ta Kaijage, siku chache tu zilizopita.

Kijana wa kwenye picha ni mwanawe wa pekee, Mutalemwa. Miaka sita nyuma, vanila ilipopanda bei na kila mtu huku akawa anaiota, Mutalemwa aliingia kwenye kibanja cha baba yake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee, akang'oa mibuni ya zamani mistari minne apande vanila. Hakuuliza. Baba alikuwa kwenye arusi Nyanga, huku mjini. Aliporudi kesho yake akakuta mibuni aliyopanda babu yake imelala mizizi juu. Mama, kwako mkorosho ni mkorosho, lakini fikiria mtu ang'oe ule wa babu, ambao chini yake kilizikwa kitovu chako. Ta Kaijage alimwambia mwanawe mbele ya majirani, "Mkono uliong'oa mibuni yangu usiguse jeneza langu. Toka." Kijana akatoka. Na vanila yenyewe bei ilianguka hata kabla haijatambaa.

Mutalemwa akavuka kwenda Uganda, akabadili namba, asionekane. Walisikia tu kwamba yuko huko. Hakupiga simu nyumbani hata siku moja. Ma Kokugonza aliniambia, "Baba na mwana, kiburi kimoja. Kila mmoja anangoja aitwe."

Lakini Ta Kaijage alipoona hatapona, alivunja neno lake. Aliwaita wazee wa ukoo, akaomba tunda la kahawa. Tunda moja lina punje mbili, na huku punje hizo hugawana watu wanaofanya udugu au wanaopatana. Akatafuna moja, ya pili akamkabidhi mkewe. "Hii ni ya Mutalemwa. Mwambieni arudi ale. Nimemaliza." Siku ya pili yake akafa.

Ndilo lililomleta ofisini kwetu. Alishatangaza redioni, alishapeleka picha kwenye makundi ya simu ya ukoo mzima. Aliponieleza anachotaka, Bwana Novati alitabasamu kidogo, lakini mimi nilimwelewa palepale. Alisema, "Mwanangu ni mtu wa kushinda na simu. Hatatupigia, lakini kujua habari za kwao atataka. Siku moja ataandika jina la baba yake aone. Nataka siku hiyo akiandika, akutane na neno la baba yake." Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilifikiria mwenyewe, kwenye basi, na alikuwa sahihi, Mama. Alikuwa sahihi kuliko sisi tuliosomea.

Nikaitengeneza tovuti hiyo kwa siku tatu. Juu niliandika kwa herufi kubwa: Ta Kaijage wa Muleba amemsamehe mwanawe Mutalemwa. Chini nikaweka maneno ya marehemu kama wazee walivyoyasikia, picha ya Mutalemwa ile ya kwenye kitabu cha nyimbo, picha ya punje ya kahawa kwenye kiganja cha mama, na namba ya simu ya ofisi, kwa kuwa kule kwao mtandao unakatika. Ilikuwa kazi nzuri. Nilijivuna nayo, nisikufiche.

Ikabaki kuifungua. Ndipo akaja Ta Kalokola, mdogo wa marehemu, msimamizi wa msiba. Mtu mwenye fimbo na maneno machache. Akasema neno la marehemu halitoki nje ya ukoo kabla matanga hayajaondolewa. Wenyewe waruhusiwe kulisoma na kulisahihisha, lakini mtu wa nje asilione. Nikamwambia, hakuna shida, Ta. Nikaweka kufuli mbili. Ya kwanza ni neno la siri, ili aingie tu mwenye kulijua. Ya pili ni kile kibao cha karani, ili jina la marehemu lisije likaandikwa daftarini kabla ya wakati. Nilifanya kwa heshima. Natamani ningekuwa mtu asiyejali mila za watu, ningeweka moja.

Matanga yakaondolewa. Ta Kalokola akanipigia, "Sasa fungua." Nilikuwa na tovuti ya nyumba ya wageni mkononi, mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu. Nikafungua ile ya neno la siri. Nikajaribu kwa simu yangu, ikafunguka. Nikawatumia njia ya kuingilia kwenye kundi la ukoo, wote wakaingia, wakaona, wakalia, wakaandika amina. Walio Mwanza wakaona, walio Dodoma wakaona. Kila mtu aliyepewa njia aliiona nyumba. Kibao cha karani, ambacho binadamu hakioni, nikakiacha mlangoni.

Mutalemwa hakuwa kwenye kundi la ukoo, Mama. Yeye peke yake ndiye aliyehitaji kuuliza njia.

Ma Kokugonza alianza kunipigia kila Jumamosi. Nilikuwa nimemweleza habari za karani kama nilivyokueleza wewe, basi akawa anauliza, "Omwana wange, karani amefika?" Yaani mwanangu, kwa Kihaya. Nami namjibu, "Bado, Ma. Huchukua wiki kadhaa. Tuvumilie." Ndivyo tunavyowajibu wateja wote. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo ubaya wake, kwa sababu jibu la kweli mara nyingi halikuhangaishi kwenda kutazama. Jumamosi zikapita, nikaacha kuzihesabu. Mvua zikaisha. Akawa ananitumia mkungu wa ndizi na dereva wa basi, na mara moja senene waliokaangwa, wale panzi wa huku, ambao kwanza niliwatazama sana kabla ya kuwala. Sikuwahi kukaa dakika tano nikafungua ripoti ya tovuti yake. Dakika tano, Mama. Nilikuwa na muda wa kuchagua rangi za vifungo kwenye tovuti ya nyumba ya wageni.

Siku moja, baada ya kama miezi mitatu, akaja mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha wateja, kitabu chake cha nyimbo magotini, akasema, "Leo tafuta mbele yangu. Andika kama atakavyoandika yeye." Nikaandika jina la marehemu na Muleba. Wakatoka kina Kaijage wengi: mmoja anauza mabati, mwingine mchezaji mpira, mwingine amehitimu chuo. Nikashuka chini, kurasa tatu, nne. Akawa anasoma kila jina kwa sauti ndogo, kama anayesoma majina ya waliofaulu mtihani.

Nikafungua ripoti. Iliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ukurasa umezuiwa na mwenye tovuti.

Ma Kokugonza hasomi Kiingereza, akaniuliza, "Inasemaje hapo penye wekundu?"

Nikamwambia, "Inasema bado, Ma."

Hilo ndilo naomba Tekla asome mara mbili. Kusahau ni kusahau, hata wewe uliwahi kusahau chungu motoni ukaunguza uji wa msiba. Lakini hili nililisema nikiwa na akili zangu, nikimtazama usoni mtu aliyekuwa ananiita mwanawe. Nilizima alama palepale, mbele ya macho yake, naye asijue anaona nini. Nikatuma ombi kwamba karani aje. Akaniaga, akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu wangu!

Siku ya tatu tovuti ikaingia daftarini. Ukiandika Kaijage na Muleba, ya kwanza kabisa ni yeye na msamaha wake. Nilimpigia, nikasikia vigelegele upande wa pili, akamwita Ta Kalokola, akaita majirani. Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikajiambia, imepona. Hakuna aliyeumia. Imechelewa tu.

Wiki iliyofuata simu ya ofisi ikaita, namba ya Uganda. Mwanamke, sauti ya mtu mzima, Kiswahili anakitafuta neno moja moja. Alisema ni mwenye nyumba huko karibu na Masaka, na kwamba alikuwa na mpangaji Mtanzania anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Kijana mpole. Vumbi la mashine lilimwingia kifuani, akaugua muda mrefu, akafa. Watu wa kanisa wamemzika hapohapo, maana hakuna aliyemjua kwao. Alibaki na simu ya marehemu, akawa anaiwasha aone kama ndugu atapiga. Hakuna aliyepiga.

Nikamuuliza alitupataje. Mama, nayaandika kama alivyoyasema. "Jumapili zote alikuwa anashika simu, anaandika jina, anaangalia, anaweka chini. Namuuliza unatafuta nini. Anasema, natafuta kama nyumbani wamenitaja. Jana nimefungua simu yake, nimeandika herufi moja tu, K, simu yenyewe imemaliza jina. Nimebonyeza. Nimeona picha yake."

Nikamuuliza amekufa lini. Alinitajia, nami nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa siku kumi na tatu kabla ya ile siku niliyosema "inasema bado". Miezi mitatu tovuti ilikuwepo, na karibu Jumapili zote hizo Mutalemwa alikuwa hai, analiandika jina la baba yake, anakutana na muuza mabati. Sijui kama angepona akirudi. Bwana Novati anasema kifua kile kilikuwa kimeshakwisha. Labda. Lakini angefia nyumbani, ameshakula punje yake.

Tulikwenda Muleba mimi na Bwana Novati kupeleka taarifa. Sitakusimulia kilio. Kwa kuwa mwili uko mbali na umeshazikwa, walikata mgomba, wakauvisha shati la Mutalemwa, wakauzika kibanjani upande wa kushoto wa baba yake. Baada ya mazishi Ma Kokugonza akaomba kusema. Akanisimamisha mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni mtoto wa watu, ametoka mbali, hana ndugu huku. Bila yeye nisingejua mwanangu amelala wapi. Mungu ndiye aliyechelewa, si yeye." Watu wakanipigia makofi ya taratibu, ya msibani. Ta Kalokola alinipa mkono kwa mikono miwili. Bwana Novati, ambaye nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, alitazama chini, na njiani kurudi akaniambia, "Veronika, ukikaa na hili litakula. Lakini sitakulazimisha."

Nilikaa nalo mwezi. Nilikuwa nikipika nasahau chumvi, nikisali nafika katikati naacha. Jumapili siwezi kushika simu. Jumamosi iliyopita nikapanda basi peke yangu.

Nilimkuta anapalilia. Akafurahi, akaingia ndani, akanitandikia nyasi mpya nikae, akataka kunimenyea ndizi. Nikamwambia, "Ma, kaa kwanza." Nikamwambia yote. Habari za kufuli mbili, kufuli niliyoiacha, wekundu ule ulisema nini, na mimi nilisema nini. Sikulia, kwa sababu niliona kulia kwangu kungekuwa kumwomba anibembeleze.

Halafu akasema, si kwangu, kama anajisemea, "Kwa hiyo aliniita kila Jumapili. Na mimi niko kanisani, namwombea anitafute."

Akasimama, akatoka nje, nikamsikia anatembea kwenye migomba. Nilidhani anakwenda kumwita Ta Kalokola na fimbo yake, na haki ya Mungu ningeshukuru. Alirudi peke yake. Akabaki amesimama mlangoni.

"Mama yako yupo?"

Nikasema yupo.

"Anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi kamwambie. Halafu aje."

Sikumwelewa. Akasema, "Wewe nikikutukana, nimemtukana mtoto wa mtu, mwenyewe hayupo. Nikikusamehe, nimesamehe mtoto, naye atakua asahau. Nataka mwanamke aliyezaa akae hapo ulipokaa, anitazame, nimwambie mwanawe amenifanya nini. Akishasikia, tutajua la kufanya."

Nikamwambia kwetu Umakondeni mambo mazito husimamiwa na mjomba, labda mjomba Hilari angeweza kuja.

"Mjomba hakuzaa."

Nikamwambia kwetu ni mbali sana, mwisho wa nchi, na magoti yako hayakupi raha, pengine mngezungumza kwanza kwa simu. Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Simu? Bojo, tafadhali, usinitajie simu! Nimengoja simu mpaka mwanangu ameoza. Nataka mtu."

Basi, Mama, ndiyo sababu ya barua hii. Nimefikiri kukudanganya, nikuite kuja kunitembelea tu, nikueleze ukishafika. Lakini nimeshaona uongo wangu unafika wapi. Sijui atakwambia nini. Hakuahidi kunisamehe, na wala sitaki uje ukiwa na matumaini hayo. Inawezekana akakusema maneno ambayo hujawahi kuambiwa tangu uzaliwe, kwa kosa ambalo si lako, na huko ukiwa mgeni, hujui lugha yao, na mimi nimekaa pembeni siruhusiwi kukutetea. Naona haya kukuomba. Nimeandika sentensi hii mara nne nikaikata.

Wala usiione kama ni amri ya serikali. Hakuna polisi, hakuna hati. Bwana Novati anasema nikibaki kimya hakuna atakayenifanya kitu, nitaendelea na kazi zangu, na watu wa Muleba wataendelea kunisifu kwa kuwa Ma Kokugonza hajawaambia. Amesema hatamwambia yeyote mpaka akuone wewe. Analibeba peke yake, pale kibanjani, katikati ya makaburi mawili.

Nisalimie bibi, mwambie mjukuu wake anamwomba asamehe hao kuku. Msalimie mjomba Hilari, umweleze kwa upole kwamba safari hii si yake, asije akaona amedharauliwa. Shemeji, mume wa Tekla, naye nisalimie. Kama ataweza kukusindikiza mpaka Dar es Salaam nitamshukuru maisha yangu yote. Tekla mwenyewe nimeshamsumbua vya kutosha, sauti imemkauka, mpe maji.

Ukija, usishuke Bukoba. Ukitoka Biharamulo basi linafika Muleba kwanza, utaona ofisi za wilaya na soko. Shuka hapo. Nitakuwa nimesimama stendi tangu asubuhi. Hatutapitia kwangu kupumzika kwanza, wala hatutakula. Tutakwenda moja kwa moja kwake, utaingia wewe mbele, na mimi nitakufuata nyuma.

Nimejaribu kuwa mtu mzima peke yangu, Mama, nimeshindwa. Njoo.

Mwanao uliyemzaa,
Veronika